Kalibu ya Nne

Asubuhi ile mjukuu wangu alinipa sharti moja: nisiseme kitu.

"Bibi, leo wewe mimina tu. Akikusalimia, itikia. Akikuuliza swali, nitajibu mimi."

"Na akiniuliza umri wangu?"

"Nitajibu mimi."

"Utamwambia miaka mingapi?"

Hakucheka. Hapo nikajua mambo ni mazito, maana mtoto huyu tangu anaota meno hajawahi kuacha mzaha upite bila kuurudisha. Tunamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Siku hiyo ulimi ulikuwa umelala. Alifuta meza mara tatu, akalipanga upya boksi ambalo lilikuwa limepangwa, akamwangalia wifi yangu.

"Na wewe bibi mdogo, tafadhali."

"Mimi nimefanya nini?" wifi akauliza.

"Mnunuzi wa mwaka jana ulimwambia resini imeshuka bei."

"Si ilikuwa imeshuka?"

Wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Tumegombana naye miaka arobaini na sasa tumebaki tunapendana kwa uchovu. Yeye anapanga vipande kwenye vifuko, mimi namimina. Chumba cha mbele cha nyumba ndicho karakana yetu. Kina meza mbili, mizani ya kupimia, dirisha lililo wazi kwa ajili ya harufu, na kwenye kona ndoo kubwa ya silikoni yenye kifuniko cha bluu.

Tunachotengeneza ni lori. Lori la zamani, lile la pua ndefu, dogo la kukaa kwenye viganja viwili. Haliuzwi likiwa zima. Linauzwa vipande thelathini na tano ndani ya boksi, mnunuzi akaunganishe mwenyewe kwake na kulipaka rangi anayoitaka. Wifi hadi leo haamini kwamba kuna mtu mzima anayetoa pesa ili akafanye kazi yeye.

Sindano alilichonga lori la kwanza kwa miezi saba, kila kipande na kisu chake. Hilo ndilo mfano wa asili, na hatumimini kitu ndani yake. Tunalimwagia silikoni, ikiganda inakuwa kama mpira, tunatoa mfano wa asili, na pale ulipokuwa panabaki mashimo yenye sura yake. Hiyo ndiyo kalibu. Ndani ya kalibu tunamimina resini, maji mawili ya chupa mbili yanayokuwa jiwe yakichanganywa. Ukishachanganya una dakika nne. Kikombe kikianza kupata joto mkononi, muda wako umekwisha. Ukimimina kwa pupa unafungia hewa, na kipande kinatoka kina matundu kama mkate. Unamimina uzi mwembamba, kutoka juu, kwenye kona moja, unaiacha resini itembee yenyewe. Sindano hawezi. Anajua kuchonga, hajui kusubiri. Mimi kusubiri ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, basi kumimina kukawa kwangu.

Sasa nieleze dhambi yangu kabla mgeni hajafika.

Kalibu hufa. Kila ukichomoa vipande, silikoni inavutwa, na resini ikiwa inaganda inaiunguza kidogo kidogo. Sehemu nyembamba huchanika kwanza. Kalibu yetu ya kwanza ilikufa kwenye seti ya kumi na tisa. Wiki hiyo ndiyo Sindano alikuwa ameacha kazi ya ofisini, halali, hali, anauliza kila saa kama amekosea. Nikaona nisimwongezee. Alipotoka kwenda kutuma vifurushi nikatengeneza kalibu mpya peke yangu, jinsi nilivyomwona akifanya, nikachota silikoni kwenye ndoo. Nikasema nitamwambia kesho.

Kesho haikufika. Ya pili ilikufa kwenye ishirini na tatu, naye alikuwepo akaona. Akahesabu seti zote tulizotoa tangu mwanzo, arobaini na mbili, akasema, "Sawa, muuza silikoni alisema hamsini, tumekaribia." Alidhani ndiyo ya kwanza. Nikanyamaza tena. Ya tatu ilikufa kwenye ishirini na mbili na sikusema. Kalibu mbili nilizomficha nilizitia kwenye mfuko wa unga mtupu, chini ya kitanda changu.

Hii ya mezani ilikuwa ya nne. Chini ya ubao unaoibeba nilikuwa na alama zangu za penseli, moja kwa kila seti. Asubuhi ile zilikuwa ishirini na moja.

Mgeni aliingia saa nne. Tumwite Mwenye Maduka, kwa kuwa alikuwa nayo, na kwa kuwa hakutuacha tusahau. Alikuwa na mkoba wa ngozi na kalamu nzito ya fedha aliyoibofya kila alipofikiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Hilo niliruhusiwa.

Alilichukua lori la maonyesho, akaligeuza, akachungulia chini, akagusa kioo cha pembeni kwa ncha ya kidole. Kioo kile kimeshikwa na mkono mwembamba kama njiti. Ndicho kitu cha kwanza wanunuzi wanachokisifu.

"Safi," alisema. "Nataka mia mbili."

Sindano akafuta meza mara ya nne.

"Kwanza nione likitoka kwa macho yangu. Nimechoka na watu wanaonionyesha kitu kimoja na kuniletea kingine."

Sindano akanitazama. Nikavaa barakoa, nikaweka kikombe kwenye mizani. Nusu ya chupa hii, nusu ya chupa ile, nikakoroga taratibu nisiingize hewa. Nikaanza kumimina.

Nyuma yangu bei ikaanza.

"Ishirini na tano elfu kwa seti," alisema Sindano.

"Ishirini."

"Bosi, hii kazi ya mkono."

"Mikono ya nani?" Nilisikia kiti kikigeuka. "Hawa unawalipa?"

"Hawa ni bibi zangu."

"Basi." Kalamu ikabofya. "Hapo ndipo bei yako inaposhukia. Mwenzako ninayemjua ana vijana wanne wa mshahara. Wewe mzigo huo huna."

"Wifi," wifi akaninong'oneza akiwa ameinamia vifuko vyake, "tumewekwa kundi moja na mwanga wa jua. Bure."

Uzi wa resini ulikuwa umefika kwenye pua ya lori na nilikuwa nahesabu.

"Na kalibu moja inatoa ngapi?" Mwenye Maduka akauliza.

"Hamsini," alisema mjukuu wangu, wazi kabisa, kama mtu anayetaja jina lake.

Mkono wangu ulisimama. Kikombe kilikuwa kimeanza kupata joto. Nikakumbuka nina kazi, nikaendelea, uzi ukanenepa kidogo, nikaupunguza. Lile neno hamsini nilikuwa nimelipanda mimi. Yeye alilivuna tu.

Nikamaliza. Nikapindua ubao kidogo, nikaongeza alama ya ishirini na mbili.

"Dakika arobaini," Sindano akamwambia. "Kisha tunafungua."

"Tuzitumie kwa maandishi," alisema, akatoa karatasi.

Alisoma kwa sauti, na namshukuru kwa hilo, maana mimi nilifika darasa la tatu na ningesoma mpaka jioni. Seti mia mbili. Elfu ishirini kila moja. Miezi minne. Kila wiki ya kuchelewa anakata sehemu ya kumi. Leo anatoa malipo ya awali, laki tano. Na mwisho kabisa, kwa sauti ileile ya kusoma bei ya sukari: kazi isipokamilika, mfano wa asili unakuwa mali yake.

Wifi aliacha kifuko.

"Hilo la mwisho..." Sindano alianza.

"Ni desturi. Dhamana. Kwani huna uhakika?"

"Ninao."

Darasa la tatu walinifundisha kugawa, na kugawa sijasahau. Mia mbili kwa hamsini ni kalibu nne. Mtoto aliamini ndani ya ndoo zimebaki tatu, akiongeza moja amemaliza. Mia mbili kwa ishirini na mbili ni kalibu tisa na ushee. Ndani ya ndoo, ambayo kifuniko chake nilikuwa nakifungua mimi tu, ilikuwa imebaki moja. Kalibu moja inakula silikoni ya laki na nusu. Akitia sahihi, laki tano itaisha kabla ya mwezi wa pili. Miezi minne ikiisha lori letu litaondoka kwenye mkoba ule wa ngozi, na mwenzetu mwenye vijana wanne atalimimina mpaka achoke.

Nilikaa nimeikodolea macho kalibu kama mtu anayesubiri maziwa yachemke. Wao walipiga mahesabu. Sindano alikuwa na daftari lake, akahesabu kwa maelfu, kwa seti moja. Resini sita. Boksi na vifuko, mbili. Kalibu tatu. Jumla kumi na moja. "Inabaki tisa," alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayejisemea. Tisa mara mia mbili. Uso wake ulianza kulegea kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Nilitamani dakika arobaini ziwe siku arobaini.

Zikaisha.

Nilifungua kalibu. Nikaukunja mpira pembeni, nikautoa mlango, nikatoa magurudumu, nikatoa boneti. Kikaja kichwa cha lori na mkono wake wa kioo. Nilivuta taratibu, Mungu anajua nilivyovuta taratibu. Nikasikia sauti ndogo, kama uzi unaokatwa kwa meno.

Kile kipande kilitoka na ngozi ya silikoni imening'inia. Kioo chenyewe kilibaki ndani.

Niliwapa mgongo. Kidole gumba changu kilitosha kufunika pale palipokatika. Ningemwonyesha mgeni kile kichwa cha lori kwa mbali, ningesema bado hakijasafishwa, ningenyamaza kama nilivyonyamaza mara tatu. Nyuma yangu karatasi ilisogezwa juu ya meza.

"Hapa," sauti ya Mwenye Maduka. "Na hapa."

"Sindano," nikasema.

"Bibi." Lile *bibi* lilikuwa onyo.

"Kalibu imekufa."

"Haijafa, bibi. Hii ni ya arobaini na nne. Ina sita mbele."

"Ni ya ishirini na mbili."

Alicheka kidogo kwa ajili ya mgeni. "Bibi yangu hesabu zake..."

Nikageuza ubao nikauweka juu ya meza, alama zikiwa juu. Nilikwenda chumbani, magoti yakilia, nikarudi na ule mfuko wa unga. Nikatoa kalibu ya kwanza. Nikatoa ya tatu. Nikaenda kwenye kona nikafungua kifuniko cha bluu.

Sindano alizitazama, akaitazama ndoo. Chini kabisa ilikuwa imebaki silikoni ya kalibu moja.

"Kumi na tisa," nikasema. "Ishirini na tatu, hiyo uliiona. Ishirini na mbili. Na hii ishirini na mbili. Nilikuwa natengeneza nyingine ukiondoka."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa huli."

"Bibi, umenifanya niseme uongo mbele ya mtu." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," alisema wifi. Nilimtazama. "Si wewe tu, wifi. Na mimi nilikuwa naiona ile ndoo."

Mwenye Maduka alibofya kalamu. Alikuwa ametulia kuliko sisi sote.

"Hayo ni ya familia," alisema. "Mimi sina tatizo. Bei ni ileile, miezi ni ileile. Laki tano ninayo hapa, mtanunua silikoni. Binti, wewe ni fundi. Utashindwa na mipira?"

Nilijua amemgusa pabaya. Sindano ukimwambia atashindwa, amekwisha kuanza. Akavuta karatasi.

"Tutamaliza," alisema. "Nitamimina na mimi. Tutafanya usiku na mchana." Hakuniangalia. Alichukua ile kalamu ya fedha mkononi mwa mgeni.

Kumwambia hapana nisingeweza. Nilikuwa nimeipoteza haki hiyo dakika tatu zilizopita. Nikatafuta neno lingine, na lililokuja lilikuwa baya.

"Basi mimi nataka mshahara."

Akainua kichwa. "Nini?"

"Seti mia mbili ni siku mia moja, tukienda mbili kwa siku bila hata mmoja wetu kukohoa. Sifanyi bure. Elfu tano kila seti."

"Na mimi tano," wifi akadakia. "Tena ningeomba sita, lakini nakuonea haya."

"Bibi! Leo? Mbele ya..." Macho yalimjaa maji. Alinitazama kama aliyesukumwa na mtu aliyekuwa amemshika mkono.

"Leo. Andika. Wewe unaandika kila kitu, mbona sisi hatumo?"

Mwenye Maduka akacheka. "Mama, unamdai mjukuu wako?"

"Wewe ndiye uliyesema hatuna bei, baba. Nimeona nikusahihishe."

Sindano aligeuza ule mkataba, akaandika nyuma yake kwa hasira, akibonyeza mpaka karatasi ikachimbika. Nadhani alitaka kunionyesha jinsi nilivyo mchoyo. Resini sita. Kalamu ikasimama. "Zinazotoka na matundu?" aliuliza bila kuniangalia.

"Moja katika sita."

Akafuta sita akaandika saba. Boksi na vifuko, mbili. Akaandika laki na nusu, akaigawa kwa ishirini na mbili. "Saba kasoro," alisema. Akaandika saba. Akaandika tano. Tano nyingine. Akapiga mstari.

Ishirini na sita.

Juu ya karatasi hiyohiyo, upande wa pili, wino wa ishirini ulikuwa unaonekana kwa mbali.

"Kila lori nitakalokupa," akamwambia Mwenye Maduka polepole, "nitakuwa nakuongezea elfu sita juu."

"Ondoa za bibi zako."

"Nikiziondoa, zinakwenda wapi?"

Mwenye Maduka alibofya kidole gumba hewani, kalamu hakuwa nayo.

"Kalibu siyo sufuria," nikasema, kwa kuwa sharti lilikuwa limeshavunjika na kilichovunjika hakifichi vigae. "Sufuria unanunua mara moja unapikia wageni wote. Kalibu ni kuni. Kila chungu na kuni zake. Kosa ni langu, nilikuwa naziongeza kuni gizani, mtoto akadhani moto unawaka wenyewe."

Sindano alikunja karatasi mara mbili. "Bosi, sitii sahihi."

"Unajua wangapi wanaitaka nafasi hii?"

"Wape."

Alisimama, akafunga mkoba. Alipofika mlangoni alikuwa bado ameshika kile kichwa cha lori kisicho na kioo. Sijui alikichukua saa ngapi.

"Hicho nacho kina bei," wifi akasema.

Alikirudisha juu ya meza na kutoka.

Sindano alikaa, ameinamia zile kalibu mbili, anazibonyeza kwa vidole kama anayepima embe. Mimi nilianza kuosha kikombe ambacho hakioshwi, resini ikishaganda humo unakitupa tu.

"Kaisahau kalamu," alisema wifi. "Hiyo ndiyo faida ya leo. Igawanyeni."

Nikaona mabega ya Sindano yanatikisika, nikadhani analia, na alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia.

Akafungua daftari kwenye ukurasa mweupe. Akachukua ile kalamu ya fedha.

"Ya kwanza ilichanika wapi?"

"Kwenye kioo."

"Ya tatu?"

"Kwenye kioo."

"Zote kwenye kioo?"

"Zote. Mashimo mengine yangeweza kufika seti thelathini."

Aliandika. Aliniuliza mpaka mchana: dakika ngapi za kupanga vifuko, vikombe vingapi tunatupa, barakoa inakaa siku ngapi. Nilimjibu kila kitu. Hakunisamehe kwa maneno, wala sikuomba. Lakini mtu hakuulizi idadi ya vikombe kama amekufunga nje ya moyo wake.

Mwisho aliandika thelathini na nne, gharama pamoja na faida yetu, akaizungushia duara. Akamtumia Mwenye Maduka ujumbe, akatusomea kabla hajautuma: *Seti ni elfu thelathini na nne. Tunauza kwa kalibu. Kalibu moja, seti ishirini na mbili, nusu ya pesa kwanza. Ikifa tunazungumza upya. Mfano wa asili hautoki nyumbani.*

"Weka na salamu," nikasema.

"Hapana."

Jibu halikuja siku hiyo, wala ya pili. Ile silikoni iliyobaki ndani ya ndoo tuliumwagia mfano wa asili pamoja siku ya pili. Mimi nikimimina, yeye akikwangua pembeni mpaka ndoo ikang'aa. Ilikuwa kalibu ya mwisho na tulikuwa hatuna mnunuzi. Safari hii kioo alikitengenezea kalibu yake ndogo, ya pembeni, ya kiasi cha sabuni. Ikichanika, inakufa peke yake.

Siku ya tatu tulikuwa tunaifungua, vidole vyetu sisi wawili ndani ya mpira, wifi akitusimamia kama mkunga, simu ikalia. Sindano alijifuta mkono, akasoma, akaisukuma mezani niione. Nilisoma herufi moja moja.

*Kalibu moja. Na mnirudishie kalamu yangu.*

"Mwambie kalamu ni elfu mbili," alisema wifi.

Sindano alikuwa ameshageuza ubao. Akatafuta penseli yangu nyuma ya mizani, akaniwekea karibu na mkono, niandike alama upande wa juu, pale ambapo kila anayeingia chumbani anaona.